Kamba Kuzunguka Nyasi

Kilichoniudhi kwanza ni bukta. Kila siku ya somo la michezo mjukuu wangu alirudi nayo safi, mikunjo ya pasi iko vilevile nilivyoiacha asubuhi. Mtoto wa darasa la sita, tena huyu tunayemwita Kishada kwa sababu kutembea hakujui, ni kupaa tu, anarudi mchezoni hana hata vumbi la kusingizia. Nikamuuliza kama siku hizi wanacheza huku wamening'inia hewani.

Akasema hawachezi, wanaandika. Uwanja umepandwa nyasi mpya, na mwalimu mkuu ameuzungushia kamba mpaka wageni wa mahafali waje wazione. Anayekanyaga anafukuzwa wiki nzima. Basi somo la michezo linafanyika madawatini. Walikwisha kuandika maana ya kasi, ya ustahimilivu, ya unyumbufu. Siku ile waliandika maana ya kupasha mwili joto, wamekaa kitako, wamevaa masweta.

Nikamuuliza habari za mashindano ya Jumamosi. Akaanza kufunga na kufungua kamba za viatu, nikajua kuna neno. Mwaka jana, kwenye mbio za shule zote, alipitwa utepeni kwa upana wa kifua. Tangu hapo kila alfajiri amekuwa akikimbia uchochoro wa nyuma ya nyumba, hadi mbwa wa jirani wakakata tamaa ya kumbwekea. Jumamosi ile aliitaka kuliko sikukuu. Sasa ananiambia timu imechaguliwa kwa alama za mtihani. Waliulizwa waeleze maana ya wepesi. Yeye akainuka, akapenya kati ya madawati hadi ukutani na kurudi bila kugusa hata mfuko wa mtu. Akapewa sifuri, maana swali lilisema eleza. Jumamosi atabeba maji ya wenzake.

Sikulala vizuri. Uwanja ule niliusawazisha mimi, enzi nikiendesha greda. Palikuwa na kichuguu kikaidi hapo katikati. Nilikisukuma kutwa nzima, mwisho kikaniomba radhi na kuhama chenyewe. Anayebisha aende nyuma ya vyoo, kipo huko hadi leo. Sikugombana na kichuguu ili watu watandike zulia.

Asubuhi nikaongozana na Kishada hadi shuleni. Mwalimu wao wa michezo ni kijana mpole. Wanafunzi humwita Filimbi kwa ile anayoivaa shingoni, ingawa hakuna aliyewahi kuisikia ikilia. Akanitolea shikamoo ndefu mlangoni pa darasa, akanisikiliza bila kunikata kauli. Kisha akasema amri ya kamba si yake. Mwalimu mkuu amemwonya kwamba ukionekana unyayo mmoja, yeye atahamishwa. Na timu, alisema, ilibidi aichague kwa njia yoyote.

"Mimi nafundisha istilahi, mzee wangu. Kukimbia watakukuta huko mbele."

"Huko mbele watafikaje, mwalimu, na hapa hamuwaruhusu kuondoka?"

Akatazama viatu vyake. Angebisha, pengine ningepoa. Lakini alijua nasema kweli, na kujua kwake ndiko kulikonichemsha.

Nikamgeuzia mgongo, nikaenda moja kwa moja uwanjani, nikavuka kamba. Nyasi zilikuwa laini kama manyoya ya kifaranga, nikazikanyaga kwa kisigino makusudi. Nilipofika katikati nikajibwaga kama gunia la viazi, nikashika goti, nikapiga yowe. Nilitaka kuona nani atakuja.

Hakuja mtu. Darasa zima lilimiminika nje, likajipanga kando ya kamba, vidole vya miguu vimekaa nyuma ya mstari. Filimbi naye alikuja, akashika kamba kwa mkono mmoja, macho yako kwenye dirisha la ofisi ya mwalimu mkuu. Akahangaika pale. Kisha, sijui ni mazoea au ni woga, akawauliza wanafunzi huduma ya kwanza ni nini.

Wakaitikia kwa pamoja: "Ni msaada wa haraka anaopewa majeruhi kabla ya kufikishwa hospitali."

Lakini kuutoa msaada wenyewe, hakuna aliyeutoa. Mmoja mwenye sauti nyembamba akaongeza kwamba majeruhi asisogezwe ovyo. Na kweli, hakuna aliyenisogeza. Nililala pale, umande unanipenya shati, hasira zinanipanda hadi machoni. Goti langu lilikuwa la uongo. Je, lingekuwa la kweli?

Ndipo nikamwona Kishada nyuma ya wenzake, anaitazama kamba. Wiki nzima nje ya shule, na Jumamosi iko humo ndani; hata maji asingebeba. Akawapenya wenzake, akaruka, akaja. Mbio zile sizielezi, nitaambiwa naongeza chumvi. Nasema tu kwamba Filimbi, pamoja na woga wake wote, aliinua mkono akatazama saa.

"Babu, umeumia wapi?"

Nikamnong'oneza kwamba ni maigizo tu. Akanitazama kwa macho ambayo sitaki kuyaona tena.

"Umenipotezea Jumamosi," akasema.

Mwalimu mkuu alikwisha kutoka ofisini, anauliza kwa ukali ni mtoto gani yule. Hapo filimbi ikalia. Kila mtu akageuka, hata mwenye nayo alionekana kushtuka.

"Nimemtuma mimi," Filimbi akasema. "Na Jumamosi atakimbia."

Mwalimu mkuu akamwambia basi aanze kufunga mizigo. Filimbi akajibu kwamba atafunga baada ya mashindano. Akaiteremsha kamba hadi chini, akaliambia darasa liingie. Waliingia kwa kunyata, kama wanaoingia nyumba ya watu. Baadaye wakasahau.

Filimbi akanijia akitegemea nimpe mkono. Sikumshukuru, alikuwa amerudisha alichochukua. Nikataka kuinuka niondoke na heshima yangu, goti likakataa. Likakataa kweli.

"Mwenzangu," nikamwita Kishada, "hebu niinue."

"Bado unaigiza?"

"Sasa siigizi."

Akasema nisubiri, kwanza anapasha mwili joto. Akanipa kisogo, akaanza kuuzunguka uwanja.