Safu ya Mletaji

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa posta siku ya Jumatatu. Fundi aliliona Jumatano, kwa sababu posta alikwenda mara moja tu kwa wiki. Lilisema kwamba barabara mpya itapita upande wa mashariki wa makaburi ya zamani. Wenye ndugu zao upande huo wafike ofisi za halmashauri, watoe nakala ya daftari la mazishi, wajaze fomu, na mabaki ya mtu wao yatahamishiwa makaburi mapya, kila mmoja na kaburi lake na kibao chake. Mwisho ni Ijumaa saa tisa alasiri. Ambao hawatadaiwa na mtu watakusanywa kwenye shimo moja.

Fundi alilisoma mara mbili, mkoba umebanwa kwapani. Kisha akaenda kununua uzi mweusi aliokuwa amekusudia kununua, akarudi nyumbani, akakaa mbele ya cherehani na asishone hata kola moja.

Alikuwa na mtu upande wa mashariki. Mtoto wake wa kwanza, wa kiume, aliyeishi siku mbili. Siku hizo mbili Fundi mwenyewe alikuwa hajitambui kwa homa ya uzazi. Alipozinduka, siku ya tano, mume wake alikuwa amekaa kwenye stuli kando ya kitanda, kofia mkononi. "Nimeshampumzisha," alimwambia. "Upande wa mashariki, karibu na ukuta." Basi. Habari iliishia hapo. Walizaa wengine wawili, wakawalea, nao wakaja kuoa na kuolewa, na miaka thelathini na miwili ikapita bila mtu kulitaja jambo lile. Watoto wenyewe hawakujua kuwa walitanguliwa. Mume naye alifariki miaka kumi na mmoja nyuma, na habari yake akaondoka nayo tumboni.

Alhamisi saa mbili asubuhi Fundi alikuwa wa sita kwenye foleni ya dirisha namba nne. Mkobani alikuwa na kitambulisho, kalamu yake mwenyewe, maana za ofisini huwa hazina wino, na kadi ya kuruhusiwa kutoka hospitali ya mwaka ule, imekunjwa hadi mikunjo imetoboka.

Mwenye dirisha alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi, shati limepigwa pasi vizuri, uso umechoka kabla siku haijaanza.

"Shida yako, mama?"

"Nakala ya daftari la mazishi. Upande wa mashariki."

"Jina la marehemu?"

"Hana jina. Alikuwa mchanga."

"Mama, mimi natumia kompyuta hapa. Kompyuta haimjui mtu asiye na jina."

"Basi niitie anayemjua."

"Andika barua ya maombi, ambatisha kitambulisho, njoo kesho."

Nyuma yake foleni ikacheka. "Hilo ndilo jina lake, mama," mwanamke mmoja akasema. "Huyo tunamwita Kesho. Hata posa alipeleka kesho!"

"Na akakubaliwa keshokutwa!" akadakia mwingine.

Kesho hakucheka. Fundi naye hakucheka. Macho yake yalikuwa kwenye ukuta nyuma ya yule bwana, ambako kalenda ya mwaka uliopita ilifunika nusu ya kibao cha mbao.

"Hebu sogeza hiyo kalenda, mwanangu."

"Ya nini?"

"Isogeze tu. Haiumi."

Akaisogeza. Fundi akasoma kwa sauti ile aliyoitumia kuwahesabia wateja vipimo vyao: "Mwananchi anaruhusiwa kukagua madaftari ya umma saa za kazi, mbele ya karani." Akamtazama. "Nakala inataka barua, sawa. Na kukagua?"

Kesho akajikuna shingo. "Kukagua... hakuhitaji barua. Lakini watu hawakagui, mama. Watu wanachukua nakala."

"Leo nakagua mimi. Daftari liko wapi?"

Lilikuwa masjala, chini, mwisho wa korido ambayo taa zake zilikuwa zikiwaka moja na kuzimika mbili. Chumba kilinuka karatasi kuukuu na dawa ya mende. Rafu za chuma zilifika darini, na majalada yalikuwa yamefungwa kwa kamba za katani kama mizigo ya wasafiri waliosahau kurudi. Karani wa masjala alikuwa mwanamke mnene wa makamo, amevaa sweta na ndala. Viatu vyake vya ofisi vilikuwa chini ya meza, vimepangwa vizuri, vinasubiri mkubwa apite.

"Karibu, mama. Kiti hicho kina mguu mmoja mwongo, kaa upande wa kulia."

Fundi akakaa upande wa kulia na kueleza shida yake. Hakuzunguka, hakuwa mtu wa kuzunguka. Alipotaja siku mbili, karani akaacha kupanga karatasi.

"Nani alimpeleka makaburini?"

"Ina maana gani nani alimpeleka? Namtafuta aliyepelekwa."

"Ndiyo, ila mwandishi wa daftari wa enzi hizo alikuwa na utaratibu wake. Watu wazima aliwapanga kwa majina yao. Watoto wachanga wasio na jina aliwapanga kwa jina la aliyewabeba. Safu ya kwanza, mletaji. Bila mletaji humpati mtoto."

"Mume wangu," Fundi akasema, na akataja jina lake kamili.

Karani akafungua daftari refu lenye jalada la kitambaa, akateremsha kidole kwenye orodha ya nyuma. Akageuza ukurasa. Akarudi nyuma. "Hayupo."

"Tazama vizuri."

"Mama, kazi yangu ni kutazama. Hayupo. Labda alimtuma ndugu?"

Fundi akataja jina la shemeji yake. Hayupo. La baba mkwe. Hayupo. Ndipo akatoa simu na kumpigia shemeji, mdogo wa mumewe, ambaye mara ya mwisho walizungumza kwenye harusi ya mtu.

"Shemeji! Leo jua limetokea wapi?" sauti ikachangamka.

"Salama. Nakuuliza jambo moja na unijibu moja. Mtoto wangu wa kwanza, mlikwenda kumzika nani na nani?"

Uchangamfu ukaisha sautini.

"Shemeji, hayo yamepita."

"Hayajapita. Niko nayo mezani hapa."

"Sisi hatukwenda. Kaka alisema anakwenda mwenyewe, tusimfuate." Akakohoa. "Akatoka. Akarudi upesi mno, shemeji. Chai tuliyomwachia ilikuwa bado ya moto. Hatukumuuliza. Ungemuuliza nini mtu katika hali ile?"

"Haya. Ahsante."

"Usimlaumu, shemeji. Alikuwa kijana..."

Fundi alikwisha kata. Simu ikaita papo hapo, akaipokea kwa hasira akidhani ni yeye, kumbe ni binti yake, aliyeishi safari ya siku nzima kutoka pale.

"Mama, mbona unaongea kama uko ndani ya mtungi?"

"Niko halmashauri. Nafuatilia karatasi."

"Karatasi gani tena?"

Hapo ndipo angeweza kusema. Maneno yalifika hadi mdomoni. Lakini miaka thelathini na miwili huielezi kwenye simu, umekaa kwenye kiti chenye mguu mwongo, mbele ya mtu usiyemjua. "Za kiwanja," akasema.

"Pole. Wasikuzungushe hao. Tutaongea Jumapili, eh? Watoto wanakusalimu."

"Nao wasalimie."

Karani alikuwa amegeukia rafu, anapanga kilichokwisha pangwa. Fundi akavua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi, akaivaa tena.

"Nipe daftari lenyewe. La mwaka mzima."

"Tarehe zimechanganyika. Alikuwa anasubiri vipande vya karatasi vijae, ndipo anajaza."

"Mimi nashona sare za shule, mwanangu. Vifungo mia nne kwa wiki. Lete."

Akasoma mstari kwa mstari, akitumia rula ya karani kuziba mistari ya chini. Mletaji: baba. Mletaji: bibi mzaa mama. Mletaji: mjomba. Mletaji: baba. Kila mstari mtu mmoja aliyembeba mtoto mikononi, akasimama mbele ya mlinzi wa makaburi na kujieleza. Alikuwa hajawahi kufikiri kuwa wako wengi hivi. Saa ya chakula ikafika. Sheria ilikataza kumwacha mgeni peke yake na daftari, basi karani akala mkate wake pale pale, ameligeuzia daftari mgongo ili makombo yasiliangukie. Alimkatia Fundi kipande. Fundi akakataa, akashukuru, akaendelea.

Saa saba na nusu kidole chake kikasimama.

Mtoto mchanga, wa kiume, siku mbili. Wodi ya wazazi, kitanda namba saba. Safu ya sita, kaburi la kumi na tisa. Mletaji: jina la mwanamume ambaye Fundi hakuwahi kulisikia maishani, na mbele yake, kazi: mhudumu wa wodi. Badala ya sahihi, alama ya dole gumba. Kwenye nafasi ya uhusiano, mwandishi aliandika maneno matatu: ametumwa na mama.

Alifungua kadi ya hospitali, akailaza kando. Tarehe ya mazishi iliangukia ndani ya siku alizolazwa. Kitanda namba saba.

"Ulimtuma wewe?" karani akauliza polepole.

"Nimtume mimi! Sikuwa na fahamu ya kuomba maji."

"Basi alijitungia. Mlinzi wa makaburi hakupokea mtoto asiye na mwenyewe. Angerudishwa hospitali, na hospitali ilikuwa na namna yake ya kumaliza mambo hayo." Karani akalisogeza daftari karibu. "Lazima waliuliza, wewe nani kwake? Naye akasema hivyo."

"Alidanganya."

"Alidanganya, ndiyo. Na angalia: kaburi halina jina la mumeo, halina jina la mtu yeyote wa nyumbani kwako. Pangeandikwa 'hakuna uhusiano,' leo ningekurudisha mikono mitupu. Pameandikwa mama. Kadi yako inasema mama wa kitanda namba saba ni wewe."

Fundi alijaribu kumkumbuka mtu yule. Wodi ilikuwa na mtu aliyesukuma deki chini ya vitanda, alikumbuka viatu vya mpira, labda. Uso hakuuona kamwe. Mtu huyo alipita na mtoto wa Fundi mikononi njia nzima mpaka makaburini, akabandika dole lake, akarudi kazini, na pengine jioni ile ile alisukuma deki chini ya kitanda namba saba na asiseme kitu. Na mume wake alikuwa wapi? Alisimama nje ya geti la hospitali? Aliingia, akageuka? Fundi alikuwa na maswali ya kumuuliza na maneno makali ya kumwambia, na moja au mawili pengine hayakuwa makali. Hakukuwa na wa kuambiwa. Hata ugomvi unataka mtu wa pili.

"Huyu mhudumu," akasema, "anaweza kupatikana?"

"Kumbukumbu za watumishi wa hospitali haziko kwetu. Na kwa dole hili lenye makunyanzi, mama, alikuwa mzee tayari."

Karani alichukua karatasi safi, akamwandikia mfano wa barua: kichwa cha habari, mwaka wa daftari, ukurasa, namba ya mstari, sababu ya kuomba. "Usiandike shairi. Ukitaja ukurasa na mstari hawana pa kukuzungushia." Fundi akanakili kwa mwandiko wake ulionyooka. Karani akavaa viatu vya ofisi, akapanda ghorofani mwenyewe na barua ile, akarudi baada ya robo saa na sahihi. Akatoa nakala, akagonga muhuri, akapuliza wino.

"Nenda leo leo. Ijumaa pale juu ni vurugu."

Dirisha namba nne, Kesho alipoiona nakala aliinua nyusi, akaitazama mbele na nyuma kama noti ya bandia. Akampa fomu, na Fundi akaijaza pale pale kaunta. Safu na namba ya kaburi. Uhusiano: mama.

"Ndugu watakaohudhuria kuhamisha?" Kesho akauliza. "Wengine wanakuja kumi, tunawaandalia nafasi."

"Mmoja."

"Mmoja na nani?"

"Mmoja, mwanangu. Mimi."

Kesho akaandika. Kisha akageuza fomu, akagonga mstari wa kwanza kwa kalamu. "Umeruka jina la marehemu."

"Nilikwambia asubuhi. Hana."

"Na mimi nilikwambia, mama, nafasi tupu kompyuta inakataa. Si mimi. Na kibao lazima kiwe na jina. Andika lolote. Hukuwa umemchagulia?"

Walikuwa wamemchagulia. Jina la babu, upande wa mume. Lakini mwaka uliofuata alipozaliwa wa pili, wa kiume pia, jina lile alipewa yeye, naye analo hadi leo na mvi zimeanza kumtoka. Hangeweza kumvua. Kwa hiyo huyu hakuwa na kitu chochote ambacho ni chake isipokuwa safu ya sita, namba kumi na tisa, na mtu mmoja aliyembeba.

Fundi aliitazama nakala, kisha akaandika. Aliandika jina la mhudumu wa wodi, herufi kubwa, bila kosa, na akaisukuma fomu chini ya kioo.

Kesho akaingiza kwenye kompyuta. Mashine ikafikiri, ikakubali. Karatasi ya kibali cha kuhamisha ikatoka upande wa pili wa ukumbi, kwenye dirisha la kupokelea, ambako mfanyakazi mwingine aliichukua, na kama alivyofanya kwa kila karatasi tangu asubuhi, akanyanyua kichwa na kuliita jina kwa sauti.

Watu wakageuka, wakamtafuta mwanamume wa kuinuka. Hakuinuka mtu. Akaita tena.

"Ni wangu," Fundi akasema, akapita katikati ya mabenchi kwenda kumchukua.