Watatu Niliowaacha Uwanjani

...na koti wameniwekea bega la kulia tu, maana mkono wa kurushia haufai kupoa hata ukiwa hauna kazi tena, na hakuna aliyekaa karibu nami, mrushaji aliyetolewa huachiwa nafasi kwenye benchi kama mfiwa, ingawa mfiwa hupewa mkono... mchezo wa mwisho wa msimu wa besiboli, upepo wa ziwani, mjini Duluth, na Delmar Escobedo, mrushaji aliyenipokea, amesimama pale niliposimama mimi, na katika vituo vyote vitatu wapo wapinzani niliowaruhusu mimi, yeyote kati yao akifika nyumbani, kituo cha mwisho, ni mkimbio, pointi moja, na mkimbio huo utaandikwa kwangu, Wendell Prokop, si kwa Escobedo, hata kama aliyeharibu ni yeye, ndiyo sheria, na ni ya haki, nimewaambia hivyo wengine mara nyingi... "Mtoe huyo mmoja tu, Delmar, twende zetu," anapaza sauti Gus Tervo, mdakaji wa akiba, "huyo hata mama yake akimrushia chungwa anakosa," wanacheka, naona meno... mikimbio themanini na tatu kwa vipindi mia na hamsini, wastani wangu kwa kila vipindi tisa ni nne nukta tisa nane, ukiongezeka mmoja ni tano nukta sifuri nne, na meneja, Bwana Hollis Brandvold, alisema mwezi wa Agosti huku anatafuna mkate wake, "Prokop, mwenye tano simrudishi mwakani, hata angekuwa mkwe wangu," nikasema sawa, haradali ilikuwa kidevuni mwake... Aprili nilikuwa na mbili nukta moja, mke wangu Marlene akampigia simu mama yake kumwambia, kama vile mtoto kaota jino, kisha Juni bega likaanza kuuma, kisha mchezo wa Omaha, mikimbio saba katika kipindi kimoja, nami nimesimama kama anayetazama nyumba ya mtu mwingine ikiungua... "Babu, shika," Tervo ananyoosha mfuko wa mbegu za alizeti bila kunitazama, "ukitafuna watu watadhani u hai," natafuna, sijui kama zina chumvi... Escobedo karusha nje, tena nje, sasa tatu, ya nne ikienda nje mpigaji anapewa kituo bure, wote wanasogea, na wa kituo cha tatu anaingia nyumbani kwa kutembea, hata jasho halimtoki... Marlene yuko jikoni na redio, atakuwa amekizimia chungu moto ili asikie... Escobedo anatikisa kichwa, amekataa ishara ya mdakaji, anakataa nyingine, mtu mwema, nilipompisha alisema, "Hawa wako nawazuia, babu," na ndani yangu kuna kitu kinaomba, kimeanza muda, nilidhani kinaombea mkimbio usiingie, nasikiliza vizuri, sivyo, kinaomba arushe nje... rusha nje, ndugu yangu, itimie hiyo tano, niache kuhesabu, nisiamke Aprili ijayo nikijaribu bega kabla ya kufumbua macho... "Tulia, Delmar," anasema Tervo, na Escobedo bado ameushika mpira, bado anatikisa kichwa.