Kamera Sebuleni

Usiku ule sikulala, nani angelala? Keshokutwa tunaenda Jeddah, kwenye harusi ya mpwa wa Madam Wafaa, mwajiri wangu, na katika nyumba hiyo hiyo ya harusi ndiko anakofanya kazi dada yangu Eddah. Sijamtia machoni tangu tuagane uwanja wa ndege. Asubuhi nilipiga deki huku nikiimba.

Nyumba yetu ya mtaa wa Al-Naseem ilijaa wanawake. Wazee wa Madam walitoka Unguja zamani na Kiswahili chao wakaja nacho, kwa hiyo hakuna umbea ulionipita. Sebuleni vichwa wazi, mabega wazi, hina mikononi. Madam akataka kuchapa majina ya wageni kwa printa mpya, akaniambia, "Selipher, chomeka huo waya." Nikachomeka. Kompyuta ikalia, maandishi yakatokea: KAMERA MPYA IMEUNGANISHWA.

Mayowe hayo! Leso, mito, hata kitambaa cha meza, vyote vikapanda vichwani.

"Umetuwekea kamera!" Madam akanigeukia. "Unatupiga video utuanike TikTok!"

"Madam, haki ya Mungu, mimi nimeshika waya tu!"

"Halas, basi! Jeddah huendi. Mume wangu akirudi, anakupeleka maktab."

Maktab ni ofisi ya wakala, na anayerudishwa huko hajui atapelekwa nyumba gani. Begi langu likamwagwa sakafuni. Kamera mafi, hakuna. Kulikuwa na nguo zangu na leso nyeupe niliyomnunulia Eddah. Nilitaka kulia na kupiga mtu kwa wakati mmoja.

Bi Wahida, mama yake Madam, yeye shida yake ilikuwa udi tu. Chetezo chake cha umeme kilikosa pa kuchomekwa, basi akaing'oa printa ukutani. Kompyuta ikalia tena.

"Kamera imeondoka!" msichana mmoja akapiga kelele.

Bi Wahida akatazama waya mkononi. Akaurudisha: kamera ipo. Akauchomoa: haipo. Akaangua kicheko mpaka akakaa chini.

"We Wafaa! Kamera yenyewe ndo hii printa yako! Mashine imeshindwa kumjua mgeni wake, nawe ukaiamini kuliko mtoto anayekupikia?"

Sebule nzima ikalipuka kwa vicheko. Mimi sikucheka. Nilimkazia Madam macho, nikingoja neno moja tu. Hakulisema. Alipiga magoti akaanza kukunja nguo zangu, moja moja, na hina yake ingali mbichi mikononi.

"Yalla, funga begi," akasema bila kuniangalia. "Safari ni alfajiri."

Jeddah, Eddah alinirukia mlangoni tukaanguka wote wawili, tukicheka na kulia. Nilipompa leso aliikunjua, akaona vidole vitano vyekundu katikati.

"Na hili doa je?"

"Usilifue," nikamwambia. "Hiyo ni samahani ya Madam."