Pointi za Mezani

Jumamosi ile baada ya chakula cha mchana, akiwa amevaa suti yake ya michezo na viatu vikiwa bado miguuni, Kocha Osmundi Mlowe alijinyoosha kitandani apumzishe macho kidogo, na hapo ndipo alipoota.

Kabla ya kusimulia alichoota, ni vizuri ijulikane alilala na nini kichwani. Kocha Mlowe alikuwa akiifundisha timu ya wasichana ya mpira wa kikapu ya Chuo cha Ualimu Itundavala, huko juu Njombe kwenye baridi. Jioni hiyo walikuwa wawakaribishe Chuo cha Kilimo Masebe, na mshindi angekwenda Dodoma kwenye fainali za vyuo. Itundavala hawajawahi kwenda Dodoma. Masebe huenda kila mwaka, kama mtu anayekwenda dukani kununua chumvi.

Adhuhuri kocha wa Masebe, binti mmoja aitwaye Atupele, alimpigia simu.

"Shikamoo, Kocha. Tumekwama huku. Mvua imeharibu barabara, basi limezama kwenye tope mpaka mlangoni. Tunaomba mtusubiri kidogo."

Kanuni za ligi zilikuwa wazi, na Kocha Mlowe alizijua vizuri kuliko hata Sala ya Baba Yetu, maana alikuwa kwenye kamati iliyoziandika. Mgeni akichelewa husubiriwa robo saa. Ikipita, mwenyeji anapewa ushindi wa mezani, pointi ishirini kwa sifuri. Labda kocha mwenyeji mwenyewe aridhie kusogeza muda.

"Marahaba, binti yangu," alisema. "Poleni sana. Lakini kanuni ni kanuni."

Alilisema hilo kwa upole kabisa. Akakata simu, akala viazi na maharage, akaenda kulala. Mkewe, Mama Deo, aliyasikia yote. Aliondoa sahani mezani kwa kelele kidogo kuliko kawaida, na mtu aliyekaa na mke miaka mingi anajua kuwa hilo ni baya zaidi ya kelele.

Basi, katika ndoto anafumbua macho, yuko uwanjani. Uwanja ni uleule wa chuo, ila upo sebuleni kwake. Mama Deo anafagia mstari wa kati na kumwambia ainue miguu.

"Timu mwenyeji itavaa nyeupe," linatangaza spika lililoning'inia pale ambapo kwa kawaida hukaa picha ya harusi.

Na kweli, kila cha mwenyeji kinakuwa cheupe. Ng'ombe wa jirani wanapita dirishani weupe pe, wamenyoosha shingo kama waliokwenda kupigwa picha. Mwamuzi anaingia jikoni kukagua. Anafunua sufuria, anainama, ananusa.

"Ugali uko sawa," anasema. "Maharage yakabadilishe."

Maharage yanateremka mekoni na kuelekea chumbani, yakinung'unika kwamba msimu uliopita yaliruhusiwa.

Kocha Mlowe anaona ni kawaida. Anaitazama saa. Anataka kwenda mlangoni aone kama Masebe wamefika, lakini mstari wa chaki uliomzunguka miguuni unanyanyua kichwa.

"Hapana," unasema. "Kocha hatatoka nje ya eneo lake wakati wa mchezo."

"Lakini mimi ndiye niliyekuandika."

"Ndiyo maana nakuheshimu. Rudi ndani."

Baada ya kujaribu mara kadhaa anagundua kwamba akitembea polepole, bila kuonyesha dharau, mstari unamfuata kama mbwa. Basi anatoka nao. Mlango wa sebule unafungukia kanisani, na ni katikati ya misa. Padri anamwona, anasimamisha mahubiri, anaomba waumini wapishe eneo la kocha. Akina mama watatu wanasukumwa na ile chaki mpaka mwisho wa benchi, na wa mwisho anaangukia sakafuni pamoja na kitabu chake cha nyimbo.

"Samahani, mama zangu," anasema Kocha Mlowe.

"Hamna shida, Kocha," wanajibu kwa pamoja. "Ni kanuni."

Wanalisema kwa ile sauti ya watu ambao wana shida.

Anageuka atoke, na sasa yuko jukwaani katikati ya mashabiki. Hapa pana kanuni nyingine, na hiyo pia aliisimamia mwenyewe kwenye kikao: ni marufuku kumzomea mgeni, au kumtolea neno la kumvunja moyo. Mashabiki wa Itundavala wanaifuata kwa bidii ya kutisha. Benchi la Masebe ni tupu. Hakuna mtu hata mmoja. Wanalisifu hivyo hivyo.

"Hawa wageni wana nidhamu jamani! Hawajacheza faulo hata moja!"

"Na wepesi! Huwaoni kabisa!"

Bibi mmoja analia machozi kwa kuguswa na utulivu wao.

Lakini benchi si tupu sana. Kocha Mlowe akitazama vizuri anaona mtu mfupi amekaa pembeni kabisa, amevaa koti la mvua, anatafuna hindi la kuchoma, punje moja moja.

"Kamwene," anamsalimu.

"Kamwene, Kocha. Mimi ni Robo Saa. Mmenituma niwasubiri wageni."

"Wamefikia wapi?"

"Sijui. Kazi yangu kusubiri tu, kujua si kazi yangu." Anatafuna punje. "Nikimaliza hindi hili naondoka zangu."

Kocha Mlowe analitazama hindi. Zimebaki punje chache. Anajisikia furaha, halafu anajisikia kama mtu aliyekanyaga kitu gizani, hajui ni nini. Anataka kumwambia Robo Saa atafune polepole. Anataka pia kumwambia aharakishe. Anaahirisha uamuzi, kama walivyofanya kwenye kamati jambo lilipokuwa gumu.

Robo Saa anameza punje ya mwisho, anajifuta mdomo kwa mkono, anasimama.

"Haya. Kwaherini."

Hapo meza ya waamuzi inakohoa. Ni meza ya kawaida, ya mbao, mguu mmoja umewekewa kijiti isiyumbe. Inakohoa tena, inatetemeka, na kutoka chini yake zinaanza kutambaa pointi. Zinatoka moja baada ya nyingine, nene, zimepakwa mafuta, zimevaa tai. Zikimaliza kutoka zinakuwa ishirini, zinapanga foleni mbele ya Kocha Mlowe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nyinyi ni nani?"

"Sisi ni pointi zako. Za mezani."

"Nani kawafunga?"

Zinatazamana. "Hakuna aliyetufunga, baba. Mama yetu ni Meza."

Anamgeukia mwamuzi, lakini mwamuzi yuko juu ya ngazi akizungumza na kikapu.

"Thibitisha hapa tu kwamba zimepita kwako," mwamuzi anakibembeleza.

"Siwezi," kinasema kikapu. "Nikipitwa na kitu nakisikia. Tangu asubuhi nimepitwa na upepo tu, na shomoro mmoja. Mnataka nimwandike shomoro?"

"Anachezea timu gani?"

"Hakusema."

Basi la kwenda Dodoma tayari linaunguruma nje. Kocha Mlowe anapanda, mstari wake wa chaki unapanda, na pointi zinapanda nyuma yake kwa adabu, kila moja inachukua kiti. Ni nene, kwa hiyo nyingine zinachukua viti viwili. Anapogeuka kuwaita wachezaji wake, anaona basi limejaa. Wasichana wako chini barabarani, na mvua inawanyeshea. Nahodha wao, Lusungu, anagonga kioo kwa kidole.

"Kocha, na sisi je?"

"Viti vimekwisha, Lusungu. Lakini furahini, mmeshinda."

"Lini?"

Kocha Mlowe anaitazama saa yake ya mkononi, nayo imejifunika kwa vidole.

"Tumeshinda nani?" anauliza Lusungu. Haulizi kwa hasira. Anauliza kama mwanafunzi anayetaka kuelewa ili aandike.

Basi linaondoka. Na kwa kuwa ni ndoto, Dodoma iko hapo hapo kwenye kona. Uwanja mkubwa, taa, kelele. Kocha wa timu pinzani anamkaribisha kwa heshima na kumwuliza wachezaji wake wako wapi. Kocha Mlowe anazionyesha pointi. Zimejipanga katikati ya uwanja, tai zimenyooka, zinatabasamu. Mpira unarushwa. Ndipo anapoona jambo ambalo hakuliona tangu mwanzo: hazina mikono.

Mpira unazipiga kifuani, boo, unadunda, unakwenda zake.

"Tunacheza vizuri, baba?" inauliza moja.

"Mnacheza vizuri sana," anasema Kocha Mlowe.

Anaukimbilia mlango. Chaki inamvuta miguuni lakini safari hii haendi polepole, na chaki inakatika kama uzi. Nje ni barabara ya kwao Njombe, tope tupu, na mbele anamwona Robo Saa anakwenda zake, kola ya koti ameipandisha.

"Ndugu yangu! Ngoja!"

"Mimi nimeshaisha, Kocha," anajibu Robo Saa bila kugeuka. "Siwezi kuongezeka. Ndivyo nilivyoumbwa."

"Kwenu hamna mwingine? Mkubwa wako?"

Sasa Robo Saa anasimama. "Ninaye dada. Anaitwa Saa Nzima. Ni mama mnene, mcheshi, akikaa mahali panachangamka. Kila msimu anafua kitenge chake, anakipiga pasi, anakaa kungoja mwaliko. Hamjawahi kumwalika."

"Kanuni haziruhusu."

Ule mstari wa chaki, au kipande kilichobaki, kinajikongoja kutoka nyuma na kukohoa kidogo. "Zinaruhusu," kinasema kwa aibu. "Ni pale mwisho kabisa, ambapo watu huwa wamechoka kusoma. Kocha mwenyeji akiridhia. Uliandika wewe mwenyewe, ilikuwa siku ya pilau."

Robo Saa anamtazama. "Basi nani anamwalika?"

Pointi zimetoka nje na kumzunguka. Moja inamshika suruali, kwa meno, maana haina mikono. "Na sisi, baba?"

"Nyinyi rudini kwa mama yenu," anasema Kocha Mlowe. "Hamkukosea kitu. Mlizaliwa tu kabla ya mechi."

Zinaondoka kwa foleni bila kinyongo. Ya mwisho inarudi kuuliza kama maharage yameshabadilisha.

"Nani anamwalika?" Robo Saa anauliza tena.

"Mimi," anasema Kocha Mlowe. "Mimi. Mimi!"

"Wewe nini?" Mama Deo alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. "Unapiga kelele mimi, mimi, kama mtoto wa chekechea anayetaka kwenda chooni."

Kocha Mlowe aliketi. Alitazama miguu yake, akatazama sakafu. "Maharage yako wapi?"

"Kwenye sufuria. Yaende wapi?"

Hakunywa chai. Alimpigia kwanza kamisaa wa mchezo, wakaongea maneno mawili matatu, kisha akashuka kwa miguu mpaka uwanjani. Mvua ilikuwa imekatika. Lusungu alikuwa akisukuma maji ya madimbwi kwa fagio, na wenzake wamekaa kwenye benchi wamejifunga makoti, wanacheka.

"Kocha, wenzangu wanasema tumeshashinda," alisema Lusungu. "Eti Masebe hawafiki."

"Hatujashinda. Tutawasubiri. Nimeridhia saa nzima."

Kicheko cha benchi kilikatika. Mmoja alisema, "Jamani, Kocha!" kwa sauti ya mtu aliyekwisha kupanga nguo za safari.

Lusungu aliegemea fagio. "Mwaka jana walitufunga vibaya wale."

"Nakumbuka."

"Tukifungwa tena?"

"Tutafungwa na watu, Lusungu."

Msichana alimwangalia muda, kama anayepima kama mwalimu wake ana homa. Kisha akaitikia kwa kichwa taratibu, akaligeukia benchi. "Haya, nyanyukeni. Kuna dimbwi jingine kule chini ya kikapu. Au mnataka wageni waogelee?"

Walinyanyuka. Wawili walinuna, lakini walinyanyuka.

Kocha Mlowe alisogea pembeni penye mtandao, akampigia Atupele. Ilipokelewa kwa mlio wa injini na kelele za wasichana wanaoimba.

"Binti yangu, Mlowe hapa. Nimeridhia kuwasubiri. Mna saa nzima, na kamisaa ameshakubali. Mtakuta maji ya moto ya kunawa tope."

"Asante, Kocha," alisema Atupele, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Asante sana. Nilikuwa hata sijui niwaambieje watoto. Ila tumeshatoka, tuko njiani."

"Mmetokaje? Si ulisema limezama?"

"Tumesaidiwa na mama mmoja. Alitokea tu huko juu ya mlima, mnene, kitenge kimepigwa pasi hata tope halimshiki. Kaweka bega mara moja, basi likatoka. Tumempa lifti. Ndiye anayewaimbisha hawa, sikia. Anasema naye anakuja huko huko mpirani, amealikwa."

Kocha Mlowe aliushika mti uliokuwa karibu. "Amealikwa na nani?"

Akamsikia Atupele akiuliza, na nyuma yake kicheko kikubwa, cha tumboni.

"Anasema utamjua mwenyewe. Jina hataki kutaja, Kocha. Dereva amemwuliza kama aendeshe mbio, mama anasema hapana, yeye hana haraka."