Kuitwa Mama Tone

Alizaliwa kabla ya miezi kutimia, mdogo kiasi cha kulala kiganjani. Mkunga akamtazama akasema, "Huyu si mtoto bado, huyu ni tone." Jina la kwenye cheti likabaki kwenye cheti. Tone akakua, akaota miguu mirefu na maneno mengi, na mama yake, mshonaji wa sare za shule, akawa Mama Tone hata kwa mumewe.

Homa ya siku tatu ikamchukua Tone, akiwa na miaka kumi na mmoja.

Mama yake aliporudi kazini, alikuta wenzake wameifuta vumbi cherehani yake na kuitia mafuta. Walimpenda, hilo hakulikana. Ila walikuwa wamekubaliana jambo. "Dada, pindo hilo vipi?" "Shoga, uzi wa buluu uko kwako?" Hata mkata vitambaa, mama mtu mzima mwenye ulimi wa wembe, alimwita "mwenzetu," tena kwa sauti ya chini.

Wiki tatu zikapita hivyo. Mtoto alikuwa huyo huyo mmoja, na sasa hata pale alipobaki, midomoni mwa watu, walikuwa wanapafagia. Angewaambiaje? Nani anaomba kutoneshwa kidonda?

Siku moja akaingia muuza vifungo, aliyekuwa safarini miezi miwili, na sanduku lake begani. "Mama Tone! Bado hujanenepa tu? Na yule kasuku wako leo yuko wapi?"

Vyerehani vikanyamaza. Mshonaji wa karibu na mlango akamvuta shati, akamnong'oneza. Muuza vifungo akakaa juu ya robota la kitambaa.

"Nisamehe, dada yangu. Sikujua."

"Dada yako nani? Niite tena, kama ulivyoniita mlangoni."

"Mama..." Akainamia sanduku lake.

Kisha mkata vitambaa, bila kuinua macho kutoka kwenye mkasi, akafoka: "Mama Tone, hizo kola zinajishona zenyewe, au tukungoje mpaka shule zifungwe?"

"Abee," akaitika. "Nazishona." Lakini tundu la sindano hakuliona. Machozi yalidondokea kola nyeupe, moja baada ya jingine, naye hakuyafuta.