Kigae cha Msalani

Kwa miaka ishirini na sita Gosse Dijkstra alikuwa akikaa msalani kila asubuhi, uso kwa uso na kigae cheupe chenye maandishi ya buluu, na hakujua kimeandikwa nini. Kilikuwa cha marehemu mama mkwe wake, kimebandikwa ukutani juu ya kalenda ya siku za kuzaliwa, ambayo Waholanzi huitundika msalani. Gosse alidhani ni aya ya Biblia, maana mama mkwe naye alikuwa hakosi la kumhubiria mtu.

Gosse hakujua kusoma. Naam, mtu mzima wa Frisia, kaskazini mwa Uholanzi, wa miaka hamsini na tisa, dereva wa mashine kwenye ghala la viazi, mwenye nyumba na mke na mtoto! Shuleni mwalimu alimchoka mapema, akamweka nyuma awe anamwagilia maua. Herufi aliyoijua vizuri ilikuwa G, kwa sababu kila Desemba alipewa herufi ya jina lake iliyotengenezwa kwa chokoleti, akaila.

Mkewe, Aaltje, alilijua hilo tangu uchumba, na tangu hapo akawa ngao yake. Barua ikija, Aaltje. Fomu ikija, Aaltje. Wageni wakiuliza, "Miwani yake kaisahau, si mnamjua alivyo." Binti yao Wytske, ambaye maskini ya Mungu ndiye mwalimu wa darasa la kwanza, hakujua lolote. Gosse alikuwa radhi aangukiwe na gunia la viazi kuliko Wytske ajue.

Lakini Septemba ile alianza kwenda maktaba kila Jumanne kwa siri. Nyumbani aliaga kwamba anakwenda kucheza biliadi. Aliyemfundisha ni Bi Renske, muuguzi mstaafu asiye na haraka. Jumanne moja Bi Renske akamwekea mezani karatasi yenye msemo mmoja tu, ule wa kumhimiza mwoga ajitose, ambao kila Mholanzi anaujua tangu meno ya utoto. Gosse alihangaika nao herufi kwa herufi, jasho likimtoka. Dakika ya ishirini akapiga meza.

"Mbona huu naujua! Huu mimi mwenyewe huwaambia wenzangu kwenye karata!"

"Ndiyo huo," Bi Renske akasema. "Umeusema maisha yako yote, leo umeusoma."

Kesho yake asubuhi, msalani, akainua macho kama kawaida, akakitazama kigae. Wallahi, yalikuwa maneno yaleyale: "Asiyethubutu hashindi"! Ameyakalia miaka ishirini na sita. Gosse alicheka peke yake mpaka kicheko kikageuka machozi, akawa anajifuta kwa karatasi ya chooni.

Aaltje akabisha mlango. "Gosse! Umezama humo? Na wengine tuna matumbo!"

Hapo ndipo alipokata shauri. Sikukuu ya Mtakatifu Nikolasi ilikuwa karibu, na kwao zawadi haitolewi kimyakimya. Huambatana na shairi la utani, limetiwa sahihi kwa jina la Mtakatifu, na anayepewa lazima alisome kwa sauti mbele ya wote kabla hajafungua. Mashairi ya Gosse aliyaandika Aaltje. Hata lile la kwake mwenyewe kutoka kwa mumewe alijiandikia, akajitania, kisha akajisomea na kujichekea kana kwamba ni jipya. Miaka thelathini na minne ya ndoa Aaltje hakuwahi kushtukizwa hata mara moja. Jambo hilo lilimuuma Gosse kuliko aibu yake.

Jumapili alasiri Wytske alikuja na mumewe, Jelmer. Vifurushi vilijaa kwenye kapu la nguo. Zamu ya Gosse ilipofika, Aaltje akalidaka shairi kabla hajaligusa. "Lete nisome mimi, huyu atagugumia tu." Wakacheka, ikapita.

Kisha Wytske akatoa kifurushi kilichofungwa ovyo. "Mama, hiki chako."

Aaltje alikikodolea macho. Hakuwa amekifunga yeye. Akaikunjua karatasi, akaona mistari inayopanda na kushuka, na uso ukamwiva.

"Soma, Mama! Ndiyo sheria!"

"Limelowa," Aaltje akasema haraka. "Wino umechuruzika, halisomeki."

Jelmer akachungulia begani kwake. "Ha! Huo mwandiko au kuku kapita?"

"Hata wanangu wa darasani wanamzidi," Wytske akadakia, akicheka.

Aaltje akaikunja karatasi akaikalia. "Haya, kahawa nani anaongeza?"

Gosse alijua mkewe anamkinga, kama alivyomkinga siku zote. Angenyamaza tu, kahawa ingemiminwa, biskuti zingepita, na Wytske asingejua kamwe.

"Lete hapa," akasema.

"Gosse, achana nayo."

"Lete, mke wangu. Niliyeandika ni mimi, nitasoma mimi."

Kicheko kikakatika. Aaltje akaitoa karatasi. Gosse akaweka kidole chini ya neno la kwanza.

"Aaltje. Mtakatifu anasema... unasema sana. Hata... usingizini." Kidole kikasogea. "Miaka thelathini na minne umeni... umeni..."

Akakwama, kwenye mwandiko wake mwenyewe. Jelmer akawa anaangalia viatu vyake. Wytske alifungua mdomo amsaidie, ndiyo kazi yake, lakini mama yake akamfinya mkono.

"Mwache."

Wakamngoja. Kidole kikarudi nyuma, kikaanza upya.

"Umenisomea," Gosse akasema. "Barua. Dawa. Mabango ya njiani. Sasa kaa chini, upumzike. Nitakusomea mimi."

Aaltje alilia waziwazi, na zawadi yenyewe hakuna aliyeikumbuka. Wytske akainuka, akaja kupiga magoti kwenye zulia mbele ya baba yake, akaishika ile karatasi kwa ncha za vidole.

"Baba. Umeanza lini kusoma?"

"Septemba."

"Na kabla ya Septemba?"

Gosse akamtazama Aaltje.

"Kabla ya Septemba nilikuwa na mama yako."