Indiketa ya Kushoto

"Huyu naye ameweka full kama anatafuta sindano," mume wangu alisema, akawasha taa zake kali kumjibu. Gari lililokuwa likija lilimulika mara moja, likashusha, likamulika tena, kama mtu anayeuliza amekosa nini. Kisha likatupita. Mimi niliyekaa upande wa kushoto, begi langu miguuni, nilikuwa nimeona vizuri kwamba gari lile lilikuwa limedim, limeshusha taa zake, tangu mbali.

Tulikuwa tumeiacha Maktau nyuma, tukielekea Voi. Jua lilikuwa limezama upande wa Taveta tulikotoka, na mwangaza uliobaki ulikuwa ule wa kudanganya, si mchana wala si usiku. Lori lilikuwa limejaa kreti za nyanya zangu na za akina mama wenzangu. Lilikuwa lori la Mzee Mulinge, na mume wangu, Mwandawiro, alikuwa ameliendesha tangu binti yetu Valentine alipokuwa chekechea. Sasa Valentine alikuwa chuoni. Nyumba yetu Sagalla, tangi la maji lililo nyuma yake, karo, vyote vilitoka kwenye usukani ule.

Watu wa Voi wanamjua mume wangu kwa ukali wake wa taa. Kwenye kibanda cha chai wanakoegesha malori, wenzake walimwita Inspekta. Angeweka kikombe chini na kuanza: dereva anayekumulika usoni hakulelewa na mama, anayesahau indiketa ikipepesa kilomita nzima ni mwongo kama waongo wengine, anayetengeneza lori lake kisha akaondoka na kuacha mawe na matawi barabarani anafaa kulala ndani. Na anayepewa njia asishukuru hata kwa taa, huyo hakumpa jina, alitikisa kichwa tu. Walimcheka, lakini walimsikiliza. Hata mimi nilimcheka. Nilimwambia kwamba kama angekuwa mkali hivyo kwa mbuzi wa jirani wanaomaliza kunde zetu, tungekuwa tumeshatajirika.

Jambo moja tu hakulifanyia mzaha. Ukiwa kwenye lori, alisema, gari dogo lililo nyuma yako halioni chochote isipokuwa mgongo wako. Ukimpa indiketa ya kulia, umemwambia akae. Ukimpa ya kushoto, umemwambia njia ni nyeupe, apite. "Yule wa nyuma hana macho," alizoea kusema. "Macho yake ni mimi."

Miezi michache kabla ya jioni ile, malalamiko yake yalikuwa yamezidi. Kila taa ilikuwa kali. Alilaumu balbu nyeupe za siku hizi, akalaumu vijana, akalaumu wenye magari madogo ya Probox, wote bila kubagua. Nyumbani alianza kumimina chai nje ya kikombe, akalaumu kikombe. Niliyaona haya moja moja, wala sikuyaweka pamoja. Jioni ile, lile gari lilipotupita, yalijiweka pamoja yenyewe.

Kuanzia hapo nikaacha kutazama barabara, nikamtazama yeye. Alikuwa ameinamia usukani, shingo mbele, akifuata mstari mweupe wa ukingoni kama mtu anayepapasa ukuta. Kila gari lilipopita alipepesa macho muda mrefu, na katika muda huo lori lilikuwa linaenda tu. Nilitaka kusema. Lakini mwanamume kama yule unamwambia vipi kwamba barabara nzima haina kosa? Nikifungua mdomo, kazi imekwisha. Nikiufunga, atakufa mtu.

"Baba Valentine," nilimwambia tulipoingia Mwatate, "si tusimame kidogo unywe chai?"

"Nyanya hazingoji chai."

"Umechoka."

"Nimechoshwa na hawa watu na full zao. Kwani wewe huoni?"

"Naona," nikasema.

Baada ya Mwatate, Probox moja ya abiria ilitujia kwa nyuma. Ilimulika kidogo tu, kuomba njia, ikangoja. Mwandawiro akaiangalia kwenye kioo na uso wake ukalegea. "Huyu ana adabu," alisema. "Anabisha hodi." Mbele kulikuwa na basi linakuja, taa zimeshushwa, na alimpa yule wa nyuma indiketa ya kulia, kaa. Basi likapita. Akapepesa macho, akapepesa tena. Halafu mkono wake ukasogeza indiketa kushoto.

Nyuma ya lile basi kulikuwa na bodaboda. Niliiona vizuri: taa ndogo ya njano, mwendeshaji aliyevaa koti jekundu, madumu ya maji yamefungwa pande zote mbili.

"Kuna pikipiki," nikasema.

"Wapi?"

Nimesikia maneno mengi mabaya maishani, lakini hakuna lililowahi kuniogopesha kama lile. Alikuwa anauliza kweli. Na Probox ilikuwa tayari ubavuni mwetu.

Sikumbuki kama nilipiga kelele. Nakumbuka bodaboda ikiacha lami na kuzama kwenye miiba, Probox ikifunga breki, lori likifunga breki, na kreti nyuma yetu zikigongana. Indiketa ya kushoto iliendelea kugonga, na hakuna aliyeizima.

Mwendeshaji wa bodaboda alitoka kichakani kwa miguu yake mwenyewe, amechanwa mikono na miiba. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi kidevuni, na kitu cha kwanza alichosema ni, "Maji yangu." Dumu moja lilikuwa limepasuka na maji yalikuwa yakivuka lami polepole.

Dereva wa Probox, aliyeitwa Hillary, alikuja hadi mlangoni mwetu. Hakutukana. "Mzee, ni wewe ulinipa njia," alisema. "Nimebeba watoto wa watu huku. Ni wewe ulinipa."

"Nilikupa," Mwandawiro akasema. Alishuka, akamgeukia mwenye bodaboda. "Ulikuwa umewasha taa?"

"Ilikuwa inawaka. Na bado inawaka, si hiyo?"

Kweli, pikipiki ilikuwa imelala kwenye nyasi, na taa yake ilikuwa inamulika mizizi ya mti. Mume wangu aliitazama muda mrefu, macho ameyakunja.

Kutoka kwenye Probox alishuka Oduor, dereva wa lori la mkonge, mmoja wa wale waliokunywa naye chai pale kibandani. "Inspekta," alimwita. Mwandawiro alizunguka lori, akachomoa ufunguo, akauweka mkononi mwa Oduor.

"Tufikishe Voi," alimwambia.

Yaliyofuata yalikuwa ya kawaida. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari alishangaa kwamba alikuwa bado anaendesha. Mzee Mulinge alitafuta dereva mwingine, akampa mume wangu kazi ya kusimamia upakiaji Taveta. Jicho moja limeshapasuliwa, la pili linangoja zamu yake. Watu huniuliza kama alilia siku alipoambiwa. Siku ya daktari hakuwa na la kulilia, kwa sababu alikuwa ameshajua tangu ndani ya lori.

Usiku ule tuliketi watatu mbele, Oduor kwenye usukani, mimi katikati, yeye dirishani, mahali ambapo hakuwahi kukaa. Tulikuwa tumepita Mraru gari lilipotokea mbele. Nilihisi bega lake likikaza kando ya langu. "Huyu naye," alianza, akanyamaza. Oduor alishusha taa zake, na yule wa mbele alikuwa ameshashusha zake. Mume wangu aliniinamia sikioni ili mwenzake asisikie.

"Amedim?"

"Amedim."

Gari likatupita, na ndani ya lori kukawa giza tena.

"Na wale wengine? Wale wote?"

Nilitafuta mkono wake gizani, nikaushika.

"Walidim, Baba Valentine," nikamwambia. "Wote walidim."